Swali Ambalo Kamanda Hakuulizwa

Jina la Mama Foronya alipewa na matroni, wiki yake ya kwanza kazini. Alikuwa msichana tu, ndiyo kwanza ameajiriwa kwenye chumba cha dobi cha hospitali, na kwa kutaka kuonyesha bidii alizipiga pasi foronya za wodi nzima mpaka zikasimama mikunjo kama suruali za askari. Matroni akaichukua moja, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mwanangu, wagonjwa wetu wanalala. Hawaendi gwaride." Wauguzi wakacheka, na tangu siku hiyo akawa Mama Foronya, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, karibu na tanuri la kuchomea taka. Kilikuwa na mabeseni matatu ya saruji, mashine mbili ambazo moja iliharibika zamani na haikupata wa kuitazama, meza ndefu ya kupigia pasi, na dirisha linaloangalia kamba za kuanikia. Humo ndani alikaa miaka ishirini na sita. Alijua kwamba damu mbichi hutiwa kwenye maji baridi, maana ya moto huipika ikaung'ang'ania uzi. Alijua pia utaratibu wa nguo za majeruhi. Zinakuja kwenye gunia, gunia limefungwa utepe wa kitambaa, na utepe umeandikwa kwa wino usiotoka: tarehe, wodi, idadi ya nguo. Yeye hufungua, huhesabu, hufua, hukunja, kisha ndugu wa mgonjwa huja kuchukua. Siku nyingine huja ndugu wa marehemu. Hao huwa wanazinusa kwanza.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtaa mzima ukimwita Fundi Koki. Alikuwa mtu wa maneno machache na mifuko mizito, kwa sababu alitembea na vipira vya koki mfukoni kama wengine wanavyotembea na karanga. Kinyozi hajinyoi: koki ya jikoni kwake ilidondosha tone tone miaka sita, na mkewe alipolalamika, alijibu kwamba mteja wa nyumbani hana haraka. Mashati yake hayakudumu. Kola ziliisha kwa jasho na kwa kubeba mabomba begani. Shati lilipochakaa kola, Mama Foronya aliifumua, akaigeuza ndani nje na kuishona upya kwa mkono, kwa uzi wa hospitali ambao ni mnene kuliko wa dukani. Kwa mbali huoni kitu. Kwa karibu aliona yeye tu.

Mwaka ambao mambo haya yalianza, mtaa wao ulikaa miezi minne bila maji. Mkuu wa eneo lile, ambaye watu walimwita Mkuu tu kana kwamba wengine wote ni wadogo, alisema ni ukame. Fundi Koki alijua si ukame. Alichimba mwenyewe karibu na tangi, akakuta bomba kubwa limekatwa na kupindishwa, jipya, linang'aa, linaelekea kwenye shamba la maua la Mkuu. Hakupiga kelele. Aliwaonyesha majirani watatu, majirani wakawaonyesha wengine, na asubuhi ya Jumanne watu kama mia mbili wakaenda kukaa mbele ya ofisi ya Mkuu na ndoo tupu. Hawakubeba hata jiwe. Fundi Koki alichukua ndoo ya jikoni, ile ya bluu. Mkewe akamwambia, "Uirudishe, sina nyingine." Akasema atairudisha.

Milio ilisikika saa tano. Pale kwenye chumba cha dobi ilisikika kama mtu anapigapiga mabati. Saa sita na nusu magunia mawili yakaletwa kwenye toroli, na mletaji akaondoka mbio bila kusema neno. Mama Foronya alifungua la kwanza akaanza kuhesabu. Akafungua la pili. Nguo ya tatu kutoka juu ilikuwa shati la kijivu lililokatwa kwa mkasi kifuani, na aliposhika kola ili alikunjue, vidole vyake vikaukuta ule uzi mnene.

Watu wengi walikuja kumuuliza baadaye alijisikiaje. Alipenda kusema kweli, na kweli ilikuwa kwamba hakujisikia. Mikono ilikufa ganzi kuanzia kwenye vidole, ganzi ikapanda mpaka mabegani, na kutoka mabegani ikaingia sehemu ambayo hakuwahi kuipatia jina. Alilikunja shati. Alihesabu zilizobaki. Zote pamoja zilikuwa nguo kumi na nne, sawa na tepe zilivyosema.

Hapo ndipo katibu wa hospitali alipoingia, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chumba kile hata kukagua. Alisimama mlangoni na kitambaa puani.

"Hizi zisifuliwe," akasema. "Zitie kwenye tanuri. Ni agizo."

"Agizo la nani?"

"Mama, choma tu. Usiniulize mimi."

Akaondoka. Mama Foronya alifunga magunia na zile tepe zake, akaenda chumba cha maiti. Mlangoni walisimama askari wawili. Akasubiri. Saa kumi alasiri lori lilitoka lango la nyuma limefunikwa turubai, na askari wakaondoka pamoja nalo. Mlinzi wa chumba cha maiti, mzee aliyefahamiana naye miaka mingi, akamtazama akatikisa kichwa.

"Rudi kazini, mwanangu. Humu hamna mtu sasa. Hata daftari wamechukua."

Akarudi. Alichukua shuka zilizochakaa zilizokuwa zikingoja kutupwa, akazitia kwenye tanuri na kulichochea mpaka moshi ukaonekana ofisini kwa katibu. Yale magunia mawili aliyaweka rafu ya chini, nyuma ya mablanketi mabovu, akayaandikia kipande cha boksi: MATAMBARA. Kwa mtu wa kazi yake, kuiacha damu ikauke kwenye nguo kulikuwa kama mpishi kuacha chungu kiungue mbele yake. Aliiacha.

Serikali ilitangaza kwamba wahuni walivamia ofisi na kwamba watu saba walikimbia nchi kuogopa kukamatwa. Fundi Koki alikuwa mmoja wa hao waliokimbia. Kila mwaka Mama Foronya alipojaza fomu ya watumishi, penye hali ya ndoa karani alimwandikia: mume hajulikani alipo. Yeye alitia saini. Binti yake, aliyekuwa na miaka tisa, aliuliza miezi ya mwanzo kama baba atapiga simu. Kisha akaacha kuuliza, na mama hakumwambia kitu, kwa sababu mtoto akijua atasema, na akisema watakuja kutafuta magunia. Aliamka, akaenda kazini, akafua, akaanika, akarudi. Wifi zake walisema moyo wake jiwe. Mmoja alisema mbele yake kwamba mwanamke asiyemlilia mume ana lake jambo. Aliwaacha waseme.

Miaka tisa ikapita hivyo.

Kisha ukaja uchaguzi, na waliodhaniwa hawaondoki wakaondoka. Mkuu alipoteza cheo. Alijifungia kwenye nyumba yake yenye geti jeusi, na wale waliokuwa wakimfungulia mlango wa gari wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kamanda, aliyekuwa ameongoza askari Jumanne ile, alikuwa ameshastaafu. Yeye hakujificha. Alinunua nyanya sokoni kama watu wengine, amevaa kofia ya kufuma, na wengi hawakumtambua.

Aliyemtambua alikuwa shemeji yake Mama Foronya, mdogo wa Fundi Koki. Alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha, mwenye karakana kando ya barabara, na miaka yote tisa ndiye aliyemletea shemeji yake mkaa na kumlipia binti daftari za shule bila kuombwa. Alikuwa mtu mwema mwenye hasira za karibu. Siku hiyo Kamanda alileta gurudumu kuzibwa kwa jirani wa karakana, na alipovua kofia kujifuta jasho, shemeji akaliona kovu la nyusi ambalo kila mtu aliyekaa mbele ya ofisi na ndoo alilikumbuka.

Mama Foronya alikuwa nyumbani, zamu yake ilikwisha mchana. Saa tisa hivi shemeji aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama jikoni anahema. Shati lake la kazi lilikuwa na damu mkono mmoja wote na tumboni.

"Shem," akasema. "Nimekuja unifulie."

Alimtazama. Kwanza alitazama kama kuna mahali alipoumia. Hakukuwepo.

"Ya nani?"

"Ya Kamanda." Akavuta pumzi. "Tumemmaliza. Tulikuwa wengi, mtaa mzima ulitoka. Tumemlipia kaka."

Mama Foronya alivuta kiti, hakukalia. Akakishika mgongo.

"Alisema?"

"Alisema nini?"

"Walipowazika. Lile lori lilikwenda wapi. Nani aliagiza."

Shemeji alikuwa na mikono mikubwa yenye alama za moto, na sasa aliitazama kana kwamba ameazimwa.

"Alikuwa anaomba," akasema. "Alisema ngojeni niwaambie. Kulikuwa na kelele, shem. Kila mtu alikuwa anapiga."

"Kwa hiyo hamkumuuliza."

"Hatukumuuliza."

Koki ilikuwa inadondosha. Mama Foronya aliisikia kwa muda mrefu, na alipojaribu kuwa na hasira, hakuipata. Akamwambia shemeji avue shati. Akampa kanga ajifunike, akalikunja lile shati kama anavyokunja nguo za majeruhi, mikono ndani, akaliweka mezani.

"Sitalifua," akasema.

"Shem, watanikamata."

"Nina magunia mawili hospitali. Nguo kumi na nne. Shati la kaka yako limo." Hii ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na lilitoka bila uzito wowote, kama kutaja bei ya chumvi. "Nataka kuyapeleka kwa wakili wa serikali. Nikiyapeleka hayo na hili nimelifua, wataniuliza kwa nini damu nyingine naihifadhi na nyingine naimwaga. Nitajibu nini?"

Shemeji alikaa chini sakafuni, akaegemea ukuta. Hakujua, miaka yote tisa, kwamba upo ushahidi wa kifo cha kaka yake. Alilia kwa ajili hiyo, si kwa ajili ya Kamanda. Mama Foronya akampikia uji, akanywa. Alikaa hapo siku mbili. Siku ya tatu alfajiri alikunja ile kanga, akachukua shati kwenye mfuko wa karatasi, akaenda kituoni kwa miguu yake.

Wiki ile ile familia za wale waliopotea zilikutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Kifo cha Kamanda kilikuwa kimewachemsha. Vijana walisema Ijumaa iwe zamu ya Mkuu: geti linavunjika, nyumba inawaka, liwalo na liwe. Wengi waligonga madawati kukubali. Mama Foronya, ambaye hakuwahi kusema mbele ya watu zaidi ya kuomba sabuni, aliinuka.

"Waliojua walikuwa wawili," akasema. "Kamanda alitaka kusema, mkamnyamazisha. Amebaki mmoja. Mkimuua na huyo, mimi nitamuuliza nani?"

Fundi viatu mmoja, aliyepoteza mwanawe wa pekee, akamgeukia. Hakuwa na ukali. Alikuwa amechoka.

"Mama, mahakama hizo ni za kwao. Majaji wamekula naye meza moja. Utapeleka magunia yako, yatapotea, na yeye atakufa kitandani kwake kwa uzee. Hilo ndilo unalotaka?"

"Huenda ikawa hivyo," akajibu. "Sikatai. Lakini mahakamani atasimama, na ataulizwa, na atakachojibu kitaandikwa. Nyumba ikiungua, majivu huyaulizi kitu." Alifikiri akaongeza, "Na shemeji yangu yuko ndani sasa hivi. Nimempoteza wa pili kwa mtu yule yule. Sina wa tatu."

Hawakupiga makofi. Fundi viatu alisema tungoje basi, tuone, na kwa kuwa yeye ndiye aliyefiwa vibaya kuliko wote, wengine wakafuata. Vijana watatu walikwenda Ijumaa hata hivyo na kuvunja vioo. Jumamosi polisi walimchukua Mkuu kwa usalama wake, na akiwa huko ndani wakamsomea mashtaka.

Wakili wa serikali alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua yasiyoisha. Alikuja mwenyewe kwenye chumba cha dobi kuchukua magunia, akapiga picha rafu, mablanketi, hata kile kipande cha boksi. Alipoona tepe bado zimefungwa na wino unasomeka, alikaa kwenye beseni lililopinduliwa akapenga kamasi.

"Mama, kwa nini hukuzichoma?"

"Hazikuwa zimefuliwa," akajibu Mama Foronya. Hakujua namna nyingine ya kueleza.

Kesi ilichukua miezi kumi na minne. Iliahirishwa kwa ajili ya jaji kuumwa, kwa ajili ya faili kutoonekana, kwa ajili ya umeme. Mara mbili fundi viatu alimwambia, "Nilikwambia," na mara mbili faili likapatikana. Siku ya kutoa ushahidi Mama Foronya alivaa gauni la kazini, kwa sababu lilikuwa ndilo lililonyooka zaidi. Mkuu alikuwa kizimbani umbali wa hatua sita. Alikuwa amekonda, shingo inacheza kwenye kola. Mama Foronya alitegemea kwamba akimwona atatetemeka. Alichokiona ni kwamba shati la Mkuu limepigwa pasi vibaya, na hilo likamkaa kichwani kuliko yote.

Wakili wa utetezi alikuwa na sauti ya upole.

"Mama, wewe si daktari."

"Hapana."

"Si mtaalamu wa silaha."

"Hapana."

"Basi utatuambiaje matundu haya ni ya risasi? Nguo za hospitali yenu hazina panya?"

Watu wakacheka kidogo. Mama Foronya akasubiri wamalize.

"Sikusema ni ya risasi. Nimesema nguo zilikuja zikiwa na matundu na damu, siku hiyo, kwenye magunia yaliyofungwa wodini. Panya anakula ukingo, anapoonja jasho: kwapa, kola, pindo. Haanzi katikati ya mgongo." Akazionyesha nguo mezani. "Kumi na moja kati ya hizi zina tundu mgongoni."

Wakili akapekua karatasi.

"Na hili shati la kijivu unadai ni la mumeo. Mashati ya kijivu yako mangapi mjini?"

"Mengi."

"Kwa hiyo?"

"Ile kola niliigeuza mimi. Naomba nipewe nioneshe."

Karani akamletea. Alilishika na glavu alizopewa, akafunua kola mbele ya jaji, akaeleza mshono unapoanzia, unaporudi nyuma, na pale alipokatikiwa na uzi akafunga mafundo mawili. Alieleza kama anayemfundisha mwajiriwa mpya. Binti yake, aliyekuwa ameketi mstari wa tatu na sasa ni msichana wa chuo, alishika mdomo kwa mikono miwili. Aliyafahamu yote siku ile, pamoja na umma. Hilo walikuja kulizungumza baadaye, kwa shida, na halikwisha.

Lakini si shati lililoifungua kesi. Aliyeifungua ni dereva wa lori. Mtu huyu alikuwa amekimbilia mbali siku Kamanda alipouawa, akijua kwamba likisomwa jina la pili litakuwa lake. Kule alikojificha alisikiliza kesi kwenye redio, wiki baada ya wiki. Alisikia mashahidi wanahojiwa bila kupigwa, akasikia Mkuu mwenyewe anapewa maji ya kunywa kizimbani. Mwezi wa tisa wa kesi akampigia simu wakili wa serikali, akauliza swali moja tu: akija, atafika akiwa mzima? Akaambiwa watamfuata wenyewe. Alikuja, akasimama, akasema aliitwa na Kamanda, kwamba Kamanda alizungumza na Mkuu kwa redio ya gari mbele yake, na kwamba Mkuu aliuliza, "Wameshatoka hospitali?" Kisha akataja mahali: mashimo ya zamani ya udongo wa matofali, shimo la tatu kutoka barabarani.

Wakili wa serikali alimwuliza, "Miaka yote hii kwa nini hukusema?"

"Mwanzo nilimwogopa yeye," akasema, akimwonyesha Mkuu kwa kidevu. "Halafu nikawaogopa hawa," akiwaonyesha watu waliojaa ukumbini.

Fundi viatu alikuwa miongoni mwa hao waliojaa. Aliinamisha kichwa.

Zamu ya Mkuu ilipofika, aliulizwa yale yale ambayo Kamanda hakuulizwa. Aliulizwa nani alitoa amri. Akasema hakumbuki. Aliulizwa kuhusu bomba. Akasema ni mambo ya mafundi. Akaulizwa kuhusu simu ya redio, saa ngapi, kwa maneno gani, na akaulizwa tena, na tena, kwa utaratibu, na mwanamke mwenye mafua, mpaka siku ya tatu akasema kwa sauti ndogo kwamba aliambiwa maiti zikikaa pale mji utawaka, naye akaona ziondoke. Karani aliandika. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Foronya alikuwa akisikiliza tundu la pua lake mwenyewe, jinsi hewa inavyoingia na kutoka.

Walichimba siku nne. Walikuwa saba, kama serikali ilivyosema, ila hawakuwa wamekimbia. Familia zilisimama nyuma ya kamba. Wa tano kutolewa alikuwa na suruali iliyobaki nusu, na mfukoni, daktari alipoupekua kwa kijiko kidogo, vikatoka vipira vya koki, saba au nane, bado vya mviringo. Mpira hauozi upesi. Daktari akamtazama Mama Foronya, naye akaitikia kwa kichwa. Binti yake alianguka magotini. Yeye alibaki amesimama, akampapasa mtoto mgongo, polepole, juu chini, kwa mkono ambao haukumwambia kitu.

Mkuu alihukumiwa miaka ishirini na minne. Alikata rufaa, na rufaa ikashindwa. Siku ya hukumu wakili wa serikali alimshika mkono Mama Foronya kwenye ngazi za mahakama, akamwambia, "Umeshinda, Mama." Akasema ahsante. Alikuwa anawaza kwamba ameacha shuka za wodi ya wazazi kwenye maji tangu asubuhi na zitanuka.

Kesi ya shemeji ilisikilizwa mwezi uliofuata, kwenye ukumbi mdogo wa pembeni. Watu walikuwa wachache. Kwenye benchi Mama Foronya alikuta mwanamke wa makamo yake mwenye mkoba mapajani, akakaa kando yake, na ilipoanza kusomwa ndipo alipofahamu kuwa ni mjane wa Kamanda. Hakuhama. Yule mwenzake naye alikuwa amemtambua kutoka gazetini.

Kwenye mapumziko mjane alisema, akitazama mbele, "Shemeji yako alikuja mwenyewe kituoni. Nimeambiwa ni wewe."

"Alikwenda kwa miguu yake."

"Nilikuwa nakuja kila siku kwenye ile kesi kubwa. Nilikaa nyuma." Akafungua mkoba, akaufunga. "Kila walipomuuliza yule bwana swali, nilikuwa nangoja jibu la mume wangu. Miaka thelathini nimeishi naye. Alirudi Jumanne ile, akaomba chakula, akala. Sikumuuliza na mimi. Nilidhani siku moja nitamuuliza. Alikuwa na mambo ya kujibu. Nilitaka ayajibu, hata kama yangemfunga. Sasa watoto wananiuliza mimi."

Mama Foronya alitafuta neno la kumpa. Pole aliiona ndogo, na mengine yote aliyaona si yake. Akasogea kidogo ili mwenzake apate nafasi ya kuegemea ukuta. Walikaa hivyo mpaka walipoitwa ndani.

Shemeji alipewa miaka minane, ikahesabiwa kwamba alijisalimisha. Wengine walioshiriki hawakupatikana, au walipatikana na hakuna aliyewataja.

Siku hizi Mama Foronya amestaafu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi huenda gerezani, akasimama kwenye foleni ya wanawake wenye vikapu, akazungumza na shemeji yake kupitia wavu kwa dakika ishirini. Mara ya mwisho shemeji alitaka kujua kaburi likoje. Akamwambia lina saruji, jina limeandikwa sawasawa, majani yanakatwa, na maji ya kumwagilia yapo karibu.

"Unakwenda mara nyingi?"

"Nikipata nafasi."

"Unalia, shem?"

Alifikiri kabla ya kujibu, maana shemeji ndiye mtu pekee aliyebaki wa kumwuliza hivyo.

"Bado," akasema. "Lakini najua pa kwenda siku nitakapotaka."

Askari akapita akigonga meza kwa funguo, muda umekwisha. Shemeji akaomba mara nyingine amletee sabuni ya kipande, ya kufulia, kwa sababu ya humo haitoi povu. Akasema ataleta mbili.